Breketi Iliyobaki Chini ya Kiti

Kilombwe, Mgeta
2 Machi 2024

Mwalimu Gervas,

Shikamoo. Nilikutana na binti yako Angelina sokoni akanieleza kwamba tangu wakutoboe kooni huwezi tena kusema, na simu unaiangalia tu kwa sababu vidole havitii. Amesema kalamu bado mnaelewana. Basi nakuandikia, na barua nampa kijana wa gari la karoti aifikishe Mafiga.

Huku ni mvua na njegere. Kikundi chetu cha akina mama hatimaye tumenunua gari. Ni foo-wili kuukuu, limepigwa rangi mpya ya kijani ili lisionyeshe umri. Injini yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo Rogers wa Mwembesongo, yule uliyemfundisha ufundi, ameliwekea injini ya dizeli aliyoitoa kwenye gari jingine. Atakayeliendesha ni mwanangu Oscar.

Shida yetu ni hii. Chini ya kiti cha dereva tumekuta kipande cha chuma kizito kilichokunjwa kama kiwiko. Rogers anasema ni breketi ya juu, ile inayoshika kichwa cha injini isiyumbe. Anasema kwenye gari hili haina kazi: inagonga boneti, na injini imeshashikwa kushoto, kulia, na nyuma kwenye giaboksi. Akina mama wawili wanasema mtu hatengenezi chuma kizito hivyo kwa kujifurahisha. Wengine wanataka tukiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu tupate ya chai. Tumekubaliana tukuulize wewe, na utakalosema ndilo.

Tunataka kushusha mzigo wa kwanza mjini Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi.

Mama anakusalimu. Macho yamezimika kabisa sasa, lakini masikio yanasikia hata tusiyosema.

Prisca Fransisko


Mafiga, Morogoro
7 Machi 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Nimesoma.

Breketi irudishwe. Kama inagonga boneti, boneti likatwe. Gari lisipande mlima wala kubeba mtu mpaka hilo lifanyike.

Siwezi kuandika zaidi. Mkono unachoka, na uji ninaolishwa kwa mpira umechelewa. Msalimie mama yako. Hapana, usimsalimie, mwambie tu kwamba nimejibu.

G. Banzi


Kilombwe
13 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo, na pole kwa maumivu.

Barua yako niliisoma mbele ya kikundi, kisha nikampigia Rogers simu kutoka kule juu kwenye kilima ambako mtandao unashika. Alicheka, lakini kwa adabu. Alisema, "Dada Prisca, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha: injini iliyolala kwa urefu wa gari haihitaji kushikwa juu. Nilijibu hivyo kwenye mtihani, akanipa alama zote." Akasema maradhi yanaweza kumfanya mtu aogope vitu ambavyo akiwa mzima hakuviogopa. Akasema pia kwamba kukata boneti la rangi mpya ni dhambi ambayo hata padri hataiondoa.

Nisamehe, Mwalimu, lakini wenzangu wamekubaliana naye. Hukutupa sababu. Ungetupa hata moja ningekutetea.

Nadhani najua kwa nini umeandika hivyo. Umefikiria ajali iliyomuua baba, ukanionea huruma. Kwa hilo usijali. Baba yangu hakuuawa na injini. Aliuawa na chupa. Mlima mzima unajua, na mimi nimekua nikilijua. Ndiyo sababu Oscar sijamruhusu hata kunusa pombe. Nilimwapisha kanisani kabla hajashika usukani. Wazazi wengine wanaangalia matairi, mimi naangalia dereva, na dereva wangu hanywi. Kwa hiyo silali na hofu.

Jana alilijaribu gari kwenye mteremko wa shule, akalipandisha kwa gia namba moja na viroba vya mchanga nyuma. Amerudi akicheka. Anasema pale penye mwinuko mkali pedali ya mafuta inazama yenyewe chini ya mguu, kama vile gari lina hamu ya kupanda kuliko yeye. Akina mama walipiga vigelegele.

Jumamosi ya kuamkia Matawi tunashuka na kabichi na karoti. Kurudi atawapandisha wanaotoka sokoni. Mama pia ataenda, anataka kupelekwa kwa daktari wa macho ingawa tumemwambia hakuna tena cha kutibu. Atakaa mbele na Oscar. Utuombee.

Prisca


Mafiga
20 Machi 2024

Prisca,

Barua hii anakuletea Angelina mwenyewe. Kabla hujaisoma, nenda ukachukue ufunguo wa gari mkononi mwa Oscar. Kisha kaa.

Ulipoandika kwamba pedali inazama yenyewe niliangusha karatasi. Hiyo si hamu ya gari. Injini inapovuta kwa nguvu katika gia ndogo, inajipinda. Upande mmoja unataka kuinuka. Pembeni kuna mpira unaoizuia. Mpira ukichanika, kinachobaki kuizuia ni ile breketi ya juu. Kama breketi haipo, injini inainuka, na inapoinuka inauvuta waya wa mafuta. Waya ukivutwa injini inapata mafuta mengi zaidi, inajipinda zaidi, inainuka zaidi. Dereva anaondoa mguu na gari linazidi kukimbia. Hutokea kwenye mwinuko, na kwenye milima yetu kila mwinuko unaishia kwenye kona.

Najua kwa sababu niliyaona haya kwenye gari aliloendesha baba yako.

Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki kwamba gari la misheni nalo lilikuwa limebadilishwa injini. Niliyesimamia kazi hiyo ni mimi. Breketi ya juu iligoma kukaa, nikasema iondolewe. Nilichora ubaoni nikawaonyesha mafundi: injini imeshikwa sehemu tatu, ya nne ni ya kazi gani? Fransisko alikuwa amesimama mlangoni ana kofia mkononi. Hakusema kitu, maana mimi nilikuwa nimesoma na yeye alikuwa dereva.

Baadaye alinijia karakanani. Alisema, "Mwalimu, injini inainuka. Nikiwa mlimani naisikia inanyanyuka kama ng'ombe anayeamka, halafu gari linanikimbia." Karakanani palikuwa na watu, naye Kibwana alikuwepo, akingoja jembe lake lichomelewe. Ningeweza kufungua boneti. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa ajili ya mkutano. Nikamwambia, "Fransisko, asubuhi hii umekunywa nini?"

Watu walicheka. Baba yako naye alicheka kidogo, akavaa kofia akaenda kupakia mbao za darasa.

Alikuwa hajanywa. Nilisimama naye karibu kuliko ulivyo karibu na karatasi hii. Alinukia sabuni.

Gari lilipoanguka pale kwenye kona ya mto nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Wengine walikuwa wanamtoa yeye, mimi nikaenda mbele ya gari. Boneti lilikuwa limefunguka. Mpira wa kushoto ulikuwa umechanika vipande viwili na waya wa mafuta umekazwa kama uzi wa ngoma. Nikaona kila kitu kwa mara moja, kama mtu anavyoona kosa la hesabu. Nikalirudisha boneti chini. Kisha nikaja kushika miguu ya baba yako tukampandisha barabarani.

Hata hapo bado sikuwa nimesema uongo. Ule ulikuja mazishini, na hata huko sikuusema kwa mdomo wangu.

Unaijua desturi yetu. Kibwana ni mtani wa ukoo wenu, na mtani mazishini ana ruhusa ya kusema lolote juu ya marehemu, hakuna wa kumkanusha wala kumkasirikia, kwa sababu kazi yake ni kuwatoa watu kwenye kilio. Alisimama kando ya kaburi akashika usukani wa hewa, akayumba kushoto, akayumba kulia, akacheua. Akasema, "Fransisko, hata huko unakokwenda utaipita kona! Malaika shikeni chupa yake kwanza!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Alikuwa ameichukua ile kauli yangu ya karakanani akaifanyia kazi yake ya utani, bila ubaya wowote. Mama yako peke yake hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi, kana kwamba ananiuliza, kwa sababu nilikuwa msomi na nilikuwa nimelitazama gari.

Niliinamisha kichwa.

Mzaha wa mtani hauhojiwi mazishini, na baadaye hakuna aliyekumbuka kuuhoji. Ulishuka mlima ukiwa mzaha ukapanda ukiwa habari. Kabla tanga halijaisha watu walikuwa wanaeleza alikunywa wapi na kwa nani. Niliwaza kusema. Kisha niliwaza kwamba Fransisko hatafufuka, na misheni itaniondoa, na nina watoto. Niliwaza mambo mengi ya akili, Prisca. Elimu inasaidia sana katika hilo. Kwenye arobaini nilikaa nikala wali wenu.

Na kuna baya kuliko hayo. Niliendelea kufundisha. Kila mwaka nililifundisha somo lile lile, injini iliyolala kwa urefu haihitaji kushikwa juu. Kubadili somo kungekuwa kukiri. Rogers hakukosea, alijifunza kwa bidii kile nilichomfundisha ili nijifiche. Sasa kimepanda mpaka mlangoni kwenu, na mtoto wako anakikalia.

Swali lenu nalijibu sawasawa. Injini hii, mahali hapa, inaihitaji breketi ya juu. Mpira wa pembeni nao ubadilishwe leo. Kama pedali inazama, umeshachanika au unachanika. Msimwamini mtu atakayesema vingine, hata akiwa amefundishwa na mimi.

Wasomee wote barua hii. Sikuombi unisamehe. Nimeandika ili mama yako asikae kwenye kile kiti cha mbele.

Gervas Banzi


Kilombwe
24 Machi 2024

Mwalimu,

Gari lilisimama. Angelina alifika Ijumaa jioni kabichi zikiwa zimeshapakiwa. Oscar alikasirika, akanirushia ufunguo. Kabichi zimeoza nusu.

Nimesoma.

Sijui nikuandikie nini.

Prisca


Mwembesongo
26 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Heshima yako iko palepale, lakini umenichoma, mzee.

Dada Prisca alinipigia akaniambia kwa sauti ya ubaridi nipande Kilombwe mara moja. Nikapanda. Nikafungua boneti mbele ya akina mama waliokunja mikono. Mpira wa kushoto ulikuwa umeachia kwenye chuma, umebaki umeshikwa na ngozi kidogo, pengo lake linaingia vidole viwili. Nimefunga mpya pande zote, nimerudisha breketi ya juu, boneti nimelikata kwa mikono yangu. Linatia aibu, kama shati lenye kiraka kifuani, lakini injini haitikisiki tena.

Dada Prisca hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinipa barua yako nikaisoma nikiwa nimekaa kwenye tairi, kisha akanipa chai.

Sasa mjini habari imeshafika. Jana kaja mteja, hata hajazima gari, ananiuliza, "Fundi, ya kwangu inayo ile ya juu?" Ana bajaji. Wenzangu wa gereji wamecheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nimeanza kuhesabu magari niliyoyatoa breketi tangu nitoke kwako, nimeyapata mengi, mengine sijui yako wapi.

Mwalimu, ulinipa alama zote kwa jibu lile. Niambie basi, nilipokosea ni wapi?

Rogers


Mafiga
27 Machi 2024

Rogers,

Marahaba. Jibu lako lilikuwa sahihi kwa swali nililowauliza. Katika swali langu mpira ulikuwa mzima siku zote na barabara ilikuwa tambarare. Hukukosea popote ila kuniamini.

Yatafute magari yote. Ukimpata mwenye gari akikuuliza kwa nini, mtaje Gervas Banzi, usijitaje wewe. Fanya haraka ningali hai, ili wanaotaka kunilaani wanikute.

G. B.


Kilombwe
28 Machi 2024

Mwalimu,

Leo ni Alhamisi Kuu. Nimesubiri nipoe kabla ya kuandika na sijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Nilimsomea mama. Nilitaka kuruka lile la arobaini, akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa mzima." Alilirudia hilo mpaka nikaogopa.

Wewe hukujua, na mimi sikujua mpaka juzi. Asubuhi ile ya ajali walikuwa wamegombana. Mama alimwambia ukirudi umelewa leo usiingie humu. Alikuwa anakunywa baba, mara mojamoja, kama wanaume wote. Kwa hiyo mtani aliposema, mama aliona ni jibu. Aliona mumewe alichagua chupa akijua mlango utafungwa. Hajawahi kumwombea misa. Kaburi lake analipalilia shemeji. Mimi nilipouliza habari za baba nilijibiwa, "Alikunywa." Nimemlea Oscar kwa hofu ya mtu ambaye hakuwepo.

Nilikwenda pia kwa Kibwana. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Nilipomsomea alianza kulia kwa sauti kama mwanamke, akasema yeye alikuwa anafanya kazi yake tu, na kwamba tangu siku ile alidhani ametania kweli tupu. Akasema mtani hana namna ya kwenda kaburini mara ya pili kufuta utani wake. Nilimwacha kwa wajukuu zake.

Sasa nikuambie anachotaka mama. Hataki barua. Anasema barua nimeisoma mimi, kwa sauti yangu, na hataki habari ya kifo cha mume wake imfikie kwa mdomo wa mtoto wake. Anasema Gervas aje.

Nilimwambia Mwalimu hawezi kusema. Akasema, "Na mimi sioni. Tutalingana."

Nilimwambia Mwalimu ni mgonjwa wa kufa. Akasema, "Basi afanye haraka."

Naandika alivyosema. Usipokuja hakuna atakayekulaumu, hata mimi. Gari liko tayari na Oscar anajua nyumba yenu.

Prisca


Mafiga
30 Machi 2024

Prisca,

Daktari amekataa. Angelina amekataa, amelia, amenificha viatu. Amesema baba, barabara ile itakumaliza. Nimemwandikia kwamba nina haki ya kumalizwa na kitu nilichokitengeneza. Ameudhika zaidi.

Mwambie Oscar aje Jumatatu ya Pasaka. Nitakaa kiti cha mbele. Aweke nyanya au kitu nyuma, gari lisiwe jepesi. Nataka lipande kama litakavyopanda siku zote.

Naogopa kona ya mto. Mama yako namwogopa zaidi.

Gervas


Kilombwe
3 Aprili 2024

Angelina dada yangu,

Mtandao umekufa tangu juzi kwa mvua, ndiyo maana hujapata simu. Baba yako yu hai. Nimeanza na hilo.

Oscar anasema kwenye kona ya mto mzee alimwonyesha kwa mkono asimame. Walisimama. Hakushuka, hakuandika kitu. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo gari likiunguruma, kisha akamwashiria aondoe gari. Lilipanda vizuri. Oscar anasema pedali ilikaa pale alipoiweka.

Tulimshusha tukiwa watu watatu, mwepesi kama kapu. Tukamweka kwenye kiti kando ya mama, ndani, karibu na moto. Nilitaka kubaki nisome kama ataandika. Mama akasema hakutakuwa na kuandika. Aliutafuta mkono wake mpaka akaupata, akamwambia, "Nikikuuliza, kama ni ndiyo nibane. Kama siyo, uniachie."

Akamuuliza, "Fransisko alikuwa amekunywa?"

Baba yako akauachia mkono.

Mama akautafuta tena. Akamuuliza kama alilijua hilo siku ile ile. Nikaona vidole vyake vinabana. Akamuuliza kama kule kaburini, mama alipogeuka kumtazama, aliona kwamba anaulizwa. Vikabana. Akamuuliza habari ya arobaini, akamuuliza kama wali ulishuka. Mzee akabana kidogo tu.

Nilidhani mama angepiga kelele. Alisema polepole, "Nimemchukia mume wangu mpaka nimezeeka. Nimelala na chuki hiyo kitanda kimoja. Sasa nitaipeleka wapi?" Hilo halikuwa swali la ndiyo wala siyo. Mzee hakujua afanye nini na vidole vyake. Alitaka kuuondoa mkono, nadhani kwa aibu. Mama akaukamata.

"Usiniachie," akasema. "Sijamaliza."

Wamekaa hivyo tangu Jumatatu. Usiku tunamlaza kitandani kwa Oscar, asubuhi mama anauliza kama ameamka na anataka apelekwe kando yake. Anamwambia mambo ya baba: alivyokuwa anaimba vibaya, alivyokuwa anaficha sukari, jinsi alivyomposa akiwa amekosea nyumba. Mara anamtukana, mara anamwambia abane kama anakumbuka. Padri alipita jana akaanza kuzungumzia msamaha, mama akamwambia, "Baba, bado tunaongea."

Mzee anapumua kwa shida, sitakuficha. Uji unaingia kidogo. Mama amenizuia kuupoza kwa maji. Anasema upozwe kwa kuupepea, na anaupepea mwenyewe.

Ameniagiza nikuandikie wazi kwamba hajamsamehe, na kwamba lisije gari la kumchukua.

Oscar anashuka kesho na kabichi. Panda naye akirudi. Ulete mpira mwingine wa kooni na mablanketi, huku kumeanza baridi.

Prisca